Mama Nafisa na Kidonge Kisichogawanywa

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Mama Nafisa Amisi anavua koti lake jeupe baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Mitatu ya kwanza aliitumikia Dilolo, mpakani na Angola, na yote iliyobaki ameitumikia hapa kwetu, Kituo cha Afya Neema, Musonoi, Kolwezi. Kuanzia Jumatatu chumba cha dawa za virusi kitakuwa na muuguzi mwingine, na sisi tutalazimika kujifunza kunywa chai isiyo na tangawizi ya kuunguza koo.

Kamati ya sherehe imenipa mimi, Barnabé wa maabara, ukurasa mmoja wa jarida letu. Ukurasa mmoja! Nimejaribu, nimeshindwa. Mhariri akinung'unika, namwomba aende akamweleze Mama Nafisa mwenyewe kwamba maisha yake yamezidi ukurasa, kisha tuone kama atarudi salama.

Alizaliwa Kolwezi, binti wa mzee Amisi, dereva wa lori aliyeshuka kutoka Kasongo na mapipa ya mafuta ya mawese, akapapenda hapa, akabaki. Baba alitaka binti awe mfanyabiashara kama shangazi zake. Binti akachagua uuguzi, na nyumbani wakanuna mwaka mzima, hadi siku mzee mwenyewe aliposhikwa na malaria kali na binti akamchoma sindano bila kumuumiza. Tangu hapo mzee akawa anamtangaza gereji nzima.

Wageni wanaofika kituoni humtambua kwanza kwa mwavuli. Jua likiwaka, mvua ikinyesha, Mama Nafisa hupanda pikipiki ya abiria akiwa ameufungua, na vumbi la barabara ya migodini humpita kando kana kwamba limeonywa. Madereva walilalamika kwamba upepo unawayumbisha. Mmoja alithubutu kumwambia aufunge, naye akamjibu kwa upole kwamba yeye ndiye aliyempokea akizaliwa, anaujua uzito wake wa siku ile, na kama anataka atautangaza hapo stendi. Kijana akaendesha polepole, mwavuli wazi, mpaka mlangoni.

Lakini yeyote aliyefanya kazi naye anajua kwamba ukitaka kumkasirisha, ni rahisi sana: sema mbele yake kwamba dawa ya virusi inaua virusi. Ataweka kikombe chini. Atavua miwani. Kisha utasikia maneno ambayo kila muuguzi mpya wa kituo hiki ameyasikia, tena kwa Kiswahili chake cha nyumbani, kwamba haiviui, inavizuia tu kuzaa: “Haiuwake, batoto. Inaikatazaka kuzala.”

Na hapo somo limeanza, hata kama foleni imefika barabarani. Bakteria, alitufundisha, ni kiumbe mwenye nyumba yake, anakula, anakua, anajigawa mwenyewe, na antibiotiki inaweza kumvunjia ukuta akafa. Kirusi hakina ukuta wa namna hiyo, hakina jiko, hakina chombo. Kinaingia ndani ya chembe ya mwili wako, kinatumia vyombo vyako kutengeneza nakala zake, na nakala hizo zinatoka kwenda kuvamia chembe nyingine. Ndiyo maana ni vigumu kukipiga bila kukupiga na wewe. Dawa ya virusi inatafuta hatua moja ya ile kazi ya kunakili na kuizuia. Nakala zisipotoka, askari wa mwili wanapata nafasi ya kupumua.

Kwa sababu ya somo hilo amegombana na nusu ya Musonoi. Mtu anakuja na mafua, anataka antibiotiki, vile vidonge vya rangi mbili alivyopewa jirani yake. Mama Nafisa anamnyima, anampa maji, mapumziko na maneno matamu, na mtu anaondoka akiapa kwamba kituo hiki hakina dawa. Nakumbuka mnunuzi mmoja wa madini, mtu mzito mwenye gari lenye vioo vyeusi, aliyefika na ugonjwa wa mkanda wa jeshi ubavuni, malengelenge yamemzunguka nusu, naye ameyapaka dawa ya meno. Mama alimwosha kama mtoto mchanga. Akampa asikloviri, dawa ya kirusi hicho, siku ileile, akamwambia ana bahati amekuja mapema, kwa maana kirusi kikishamaliza kujinakili dawa inabaki haina cha kuzuia. Yule bwana hadi leo akipita hupunguza mwendo na kumpungia mkono, jambo ambalo hamfanyii mtu mwingine yeyote mjini.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe, kazi iliyomzeesha na kumfanya tumpende. Alipoanza, dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi zilikuwa habari ya redioni tu, kitu cha watu wa mbali. Akina mama walikuja kujifungua, watoto wakaanza kudhoofika, na yeye alichokuwa nacho ni maji ya chumvi na sukari, kitambaa safi na mikono yake miwili. Aliwabeba watoto wale. Wengi aliwasindikiza mpaka kaburini pamoja na mama zao. Hapendi kuzungumzia miaka ile, na mimi sitamlazimisha leo. Nasema tu kwamba dawa zilipofika hatimaye, siku ya boksi la kwanza, alilifungua mezani, akakaa akiliangalia, na hakuna aliyethubutu kumwita.

Ndiyo maana kisa cha Chancelle na Papy kilimchoma vile. Kabla sijakisimulia niseme wazi: siri ya mgonjwa kwetu haitoki nje ya chumba. Hawa wawili wametuomba wao wenyewe kiandikwe. Nilipomuuliza Papy kama nibadilishe majina, alinijia juu: “Mutie jina yangu yote. Haya ya nini? Mi niko muzima!” Chancelle akacheka, akasema basi na la kwake pia.

Papy ni mchimbaji wa shimoni, alikuja kutoka Kasai akiwa kijana mdogo, na Chancelle anauza maandazi karibu na kambi ya wachimbaji. Mwishoni mwa mwaka 2023 Chancelle alikuja kliniki ya wajawazito, tukampima, akakutwa na virusi. Mama Nafisa alimpa chupa ya vidonge, kimoja kila siku, akamweleza polepole: dawa ikikaa damuni vizuri, virusi havitajinakili, vitapungua mpaka visionekane kwenye kipimo, na mtoto anaweza kuzaliwa bila navyo. Chancelle alielewa. Alikuja kila tarehe yake, hakukosa hata moja, chupa ikiisha ndipo anapotokea.

Baada ya miezi mitatu tukatuma damu yake Lubumbashi kupima kiwango cha virusi. Majibu yakarudi: kiko juu. Si kidogo, juu. Na mimba ilikuwa imeingia mwezi wa saba.

Tulishangaa. Wapo wanaoacha dawa, tunawajua, macho yao hukimbia. Chancelle macho yake hayakukimbia. Mama Nafisa alifikiri kwanza ni pemba, ule udongo mweupe ambao wajawazito wetu hutafuna kutwa, kwa sababu unaweza kuishika dawa tumboni isiingie damuni. Akamwomba aache pemba. Chancelle akaacha, na akamwonyesha mkoba mtupu kwa huzuni ya kweli. Lakini Mama hakuridhika. Alisema kuna kitu hakijakaa sawa, naye hana muda wa kukisubiri kitoke chenyewe, kwa sababu mtoto hatasubiri. Jumapili akafungua mwavuli wake, akapanda pikipiki, akaenda kuwatembelea nyumbani.

Hakwenda kupekua. Alikwenda kula. Walimpikia bukari, ndio ugali wetu, na samaki chinchard, wakampa sahani yake ya mgeni. Papy alikuwa ametoka shimoni, ameoga, amevaa shati safi. Samaki wao alikuwa mmoja. Papy akachukua kisu, akamkata katikati kwa uangalifu mkubwa, akapima kwa jicho, akasogeza mfupa, kisha akaigeuza sahani na kumsubiri mke wake achague kipande. Chancelle akachagua. Ndipo Papy akachukua kilichobaki.

Msomaji wa Musonoi hahitaji kuelezwa, ila jarida letu linafika hadi Fungurume na kwingineko, basi nieleze. Shimoni watu hugawana hivyo kila kitu. Mmoja anagawa fungu, mwenzake anachagua wa kwanza, na kwa hiyo anayegawa hawezi kupunja. Mawe, mkate, sigara, hata chungwa. Aliyeshuka nawe chini ya ardhi huli kitu bila yeye, na anayekula peke yake timu humtoa. Wake zao wanajua, watoto wao wanacheza hivyo. Sisi wa kituo tunaijua desturi hiyo miaka yote, tumeiona sokoni na nyumbani kwetu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuifikiria akiwa ameshika chupa ya dawa.

Mama Nafisa aliweka tonge chini. Akamuuliza Papy, kwa sauti ileile ya kuomba chumvi, kidonge mnakikata na nini.

Wembe, akasema Papy. Kila jioni. Yeye anakata, Chancelle anachagua. Akaongeza haraka, akiogopa ameeleweka vibaya: “Mama, mi siko mwizi. Mi njo nakataka, ye njo anachaguaka wa kwanza.”

Papy hakuwa amepimwa. Alipoambiwa na mkewe jibu lake, alikata shauri kwamba kama mwenzake ana virusi basi na yeye anavyo, na asingekuja kupanga foleni kwetu mahali ambapo timu yake hupita asubuhi kwenda mashimoni. Lakini hiyo haikuwa sababu yote. Sababu nyingine alimwambia Mama Nafisa siku ile akiangalia chini, na mimi amenisimulia tena wiki iliyopita: kama Chancelle angekunywa dawa peke yake, angejiona amekuwa mgonjwa peke yake. Hakutaka ajione hivyo.

Jamani. Mimi nimekaa maabara miaka mingi, nimesoma matokeo ya kila aina, na sijawahi kuona upendo ukifanya hasara kwa uaminifu namna ile.

Mama hakumkaripia. Hilo ndilo nataka vijana wetu wa uuguzi walishike. Mtu mwingine angepiga kelele, na Papy asingeonekana tena. Mama alimaliza kula, akasifu samaki, kisha akaeleza kwa lugha ya shimo. Alisema: chukulia kuna mgeni ameshuka shimoni kwako bila sururu wala kamba. Hana chake. Anachukua sururu yako, anachimba, na kila anapochimba wanatokea wengine kama yeye. Kidonge hakimtoi yule mgeni. Kidonge kinafunga sururu. Kikiwa kizima, kila siku, zote zimefungwa, mgeni anakaa bila kazi. Kikiwa nusu, baadhi ya sururu ziko wazi. Mgeni anaendelea kuzaa. Na mbaya zaidi, katika kuzaa kwa haraka anakosea-kosea, anazaa watoto wasiofanana naye, na siku moja anatokea mmoja anayejua kufungua kufuli. Huyo akienea, hata kidonge kizima hakimzuii tena. Na mtoto yuko humohumo ndani.

Papy alisikiliza mpaka mwisho. Chancelle alishika tumbo. Kisha Papy akauliza swali moja tu, kama wamekwisha kumuumiza mtoto, na Mama Nafisa, ambaye hadanganyi mgonjwa, akamwambia hajui.

Kesho yake Papy alikuja kituoni mchana kweupe, akapita mbele ya timu yake, akakaa kwenye benchi. Nilimpima mimi. Hakuwa na virusi. Tulirudia baada ya majuma kadhaa, tukarudia tena baadaye, kwa sababu nusu kidonge kinaweza kukificha kirusi kwenye kipimo, na kila mara jibu likawa lilelile. Alikuwa anakula nusu ya dawa ya mkewe, nusu ya ulinzi wa mtoto wake, na wala hakuwa mgonjwa. Alipoambiwa hakushangilia. Alilia pale kwenye kiti changu, mwanaume wa kubeba magunia, na mimi nikajifanya natafuta pamba kabatini.

Alitaka adhabu, nafikiri. Mama akampa kazi. Akamwambia kuanzia leo kidonge ni cha Chancelle, kizima, hakikatwi, hakichaguliwi, na fungu la Papy ni maji: kila jioni saa ileile amletee mkewe maji ya kumezea na akae karibu yake mpaka ameze. Kwa njia hiyo hatakunywa peke yake. Papy hajakosa jioni hata moja. Siku za zamu ya shimo aliwaambia wenzake ana mambo nyumbani, wakamcheka, akaenda.

Tulipanga kupima tena kiwango cha virusi kabla ya kujifungua, ili tujue kama dawa bado inashika au kile kirusi cha kufungua kufuli kimekwisha kuzaliwa. Damu ikaenda Lubumbashi. Majibu hayajarudi, uchungu ukaanza. Abigaël alizaliwa Mei 2024, mdogo, mwenye sauti kubwa. Mama Nafisa alimpokea mwenyewe, akampa matone ya kwanza ya dawa ya kumkinga, akawafundisha wazazi kuendelea nayo. Wiki iliyofuata majibu ya mama yakafika: virusi havionekani. Dawa ilikuwa bado inashika! Mama Nafisa alinikumbatia maabara, nikamwaga rangi ya kupakia vioo vya darubini, na doa lipo sakafuni mpaka leo kwa wanaotaka kuliona.

Lakini ya mama si ya mtoto. Abigaël alipotimiza majuma sita tulichukua matone ya damu yake kwenye karatasi, tukatuma, jibu likaja jema. Hata hivyo alikuwa ananyonya, na kwa mtoto anayenyonya hakuna anayesema neno la mwisho mpaka afike miezi kumi na minane, awe ameacha ziwa. Na hapa wengi wenu hamjui jambo. Mama Nafisa alitakiwa kustaafu Desemba iliyopita. Barua ilikwisha kufika, umri umefika, magoti yenyewe yalikuwa yamekwisha kuomba ruhusa. Alimwendea mkurugenzi, akaomba abaki hadi Novemba hii. Alitoa sababu za kumfundisha atakayempokea. Mkurugenzi alikubali, naye si mjinga, alijua ni mtoto gani anatimiza miezi kumi na minane Novemba.

Mwaka huo wa nyongeza hakuukalia bure. Ametuwekea utaratibu ambao sasa ni wa kituo kizima: hakuna anayepewa dawa ya virusi bila kuulizwa, kwa upole na mlango umefungwa, nyumbani kwako mnagawana na nani. Si kama unagawana. Na nani. Mngeshangaa majibu. Dada anampa dada, rafiki anamkopesha rafiki aliyeogopa kuja, mama mmoja alikuwa anampa mama mkwe. Wote kwa roho nzuri. Papy naye huenda mashimoni na Mama, anawaeleza wachimbaji wenzake habari za sururu na kufuli vizuri kuliko ninavyoweza mimi, na wenzetu wa Fungurume wamekuja kujifunza swali lile waende nalo kwao.

Jumanne wiki hii Chancelle na Papy walimleta Abigaël. Anatembea sasa, ziwa aliliacha miezi kadhaa iliyopita, na alikuwa amevaa viatu vinavyolia kila hatua. Nilimtoboa kidole, akanitazama kwa chuki ya haki, nikaweka tone kwenye kipimo. Kinachukua dakika chache. Mama Nafisa alisimama nyuma yangu, na nilimsikia anavyopumua.

Mstari mmoja ukatokea, ule wa kuonyesha kwamba kipimo kinafanya kazi. Tukasubiri wa pili. Muda ukatimia, ukapita. Hakuna wa pili.

Katika kituo hiki, anayetoa jibu ni muuguzi, si mtu wa maabara. Mama Nafisa mwenyewe ametufundisha namna ya kulitoa: keti, mtazame mtu usoni, sauti yako isitetemeke, liwe jema au baya. Chancelle alimgeukia akingoja. Mama akaketi, akamtazama usoni, akafungua kinywa, na sauti haikutoka. Miaka thelathini na mmoja, na haikutoka. Basi nikasema mimi: mtoto hana. Papy alishika ukuta. Chancelle akamweka Abigaël chini, akaenda akamkumbatia Mama Nafisa, akambembeleza mgongoni kama anavyobembelezwa mtoto, akimwambia taratibu, “Tulia, mama. Tulia. Imeisha.”

Mama Nafisa, wenzako wote wa Neema wanakushukuru. Tunakushukuru kwa wale uliowaponya, na kwa wale wa miaka ya mwanzo uliowabeba ukiwa huna cha kuwapa. Tunakuombea usingizi mrefu wa asubuhi, magoti yasiyouma, wajukuu wengi wa kukusumbua, na siku njema nyingi hapa Kolwezi, karibu nasi, maana tutakuja kuuliza mambo.

Abigaël ni mzima, Mama. Nenda ukapumzike.